Namna ya Kufundisha Historia ya Kisiwa cha Zhoushan Ukiwa Ufukweni Bagamoyo

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa historia, walezi wa vilabu vya wanafunzi na waongozaji wa matembezi mjini Bagamoyo ambao wangependa kuwapa vijana habari za mbali kwa kutumia vitu vilivyo mbele ya macho yao. Kisiwa chenyewe ni Zhoushan, kilicho mashariki ya China, mkabala na mji wa Ningbo na karibu na mahali mto Yangtze unapoingia baharini. Waingereza wa zamani walikiita Chusan, na mji wake mkuu, Dinghai, wakauandika Tinghai. Kila mwanafunzi aandike majina yote manne katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa sababu asipofanya hivyo atakutana nayo baadaye na kudhani anasoma habari za mahali panne tofauti.

Huenda mtu akauliza kwa nini nisichague Hong Kong, ambayo kila mtu anaijua. Nimechagua Zhoushan kwa sababu Waingereza walikiteka kisiwa hicho, wakakirudisha, wakakiteka tena, wakakaa humo miaka kadhaa, kisha wakakirudisha mara ya pili. Aliyeteka na kubaki hana haja ya kujieleza sana, lakini aliyeteka kisha akarudisha huacha nyuma yake barua, hesabu na malalamiko, na humo ndimo mwanafunzi anapoweza kuona kilichotafutwa hasa.

Anza na maji

Somo hili halipangwi kwa ratiba ya shule pekee; hupangwa kwa mwezi wa angani. Chagua siku ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Wapeleke vijana ufukweni, karibu na jengo la kale la forodha, wakiwa na kamba ndefu iliyofungwa chubwi na kupigwa fundo kila baada ya mita moja, vijiti vya kuchomeka mchangani, na madaftari. Waone majahazi yalivyolala ubavu juu ya mchanga na wachukuzi wanavyoingia majini hadi kiunoni na mizigo kichwani. Wapime kina mahali patatu au panne, waandike namba na saa waliyopima, kisha uwaulize swali moja tu: stima ya mwaka 1890 ingetia nanga wapi?

Mimi mwenyewe sikuanza hivi. Mara ya kwanza nilianza darasani, kwa mizinga na majina ya majemadari, na ndani ya nusu saa niliona macho ya wanafunzi yamehamia dirishani. Mwaka uliofuata nilikuwa ufukweni na kikundi kingine, na nahodha mmoja mzee aliyekuwa akitia kalafati mashua yake alisikia ninavyosema akaniita. "Mwalimu," aliniambia, "jahazi hulala mchangani likangoja maji. Stima hailali mchangani. Waeleze hilo kwanza, wanangu hawa wataelewa mengine." Tangu siku hiyo nimeanza kama alivyonielekeza, na kama yupo mzee wa namna hiyo pwani siku yako, mwamkie, mwombe aseme mwenyewe, kwa kuwa neno lake litakaa kichwani mwa vijana kuliko lako.

Jibu la swali lile liko katika historia ya mji wenyewe. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu ya utawala wao wa Afrika Mashariki, lakini mwaka 1891 waliyahamishia Dar es Salaam, ambako kuna maji ya kina yaliyokingwa na nchi kavu. Kijana wa Bagamoyo amelijua jambo hilo tangu utotoni kama huzuni ya mji wake. Mwambie alishike vizuri, kwa sababu litamsaidia kuuliza maswali kuhusu Zhoushan, ingawa, kama nitakavyoonyesha, halitamaliza majibu.

Chora ramani ya bidhaa

Mkipata kivuli, tandikeni karatasi kubwa ya manila na kuchora pwani kutoka Bagamoyo hadi Shanghai. Isiwe nzuri, iwe sahihi: Bagamoyo, Unguja, Bombay, Calcutta, Guangzhou, Hong Kong, Xiamen, Zhoushan, Ningbo, Shanghai. Ili ukubwa ueleweke, waambie kwamba kisiwa kikuu cha Zhoushan kina eneo la takriban kilomita za mraba 500, yaani kinakizidi kidogo kisiwa chetu cha Mafia, na kwamba kimezungukwa na visiwa vidogo zaidi ya elfu moja, ambavyo wenyeji wake tangu zamani wamevitegemea kwa uvuvi na chumvi. Kisha chora mishale ya pepo. Wanafunzi wa pwani hufurahi kugundua kwamba meli za matanga zilizokwenda China zilipanda kwa pepo za kusi na kurudi kwa pepo za kaskazi, kama majahazi ya babu zao yalivyofuata majira yaleyale kati ya Unguja, Uarabuni na Bara Hindi.

Sasa weka bidhaa juu ya ramani. Hariri na chai vilitoka kwa wingi katika majimbo yaliyo nyuma ya Ningbo na Shanghai, na mfanyabiashara aliyelazimishwa kununua Guangzhou, mbali kusini, alilipa gharama ya njia yote hiyo pamoja na ushuru uliotozwa njiani. Kwa hiyo tamaa ya Zhoushan ni ya zamani kuliko vita vyake. Wareno na wenzao walikuwa na kituo cha magendo huko Shuangyu, katika visiwa hivyohivyo, hadi majeshi ya China yalipokivunja mwaka 1548. Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilijaribu kuweka wakala wake Zhoushan mnamo mwaka 1700 na haikudumu hata miaka mitano. Mwaka 1757 mfalme Qianlong aliamuru biashara ya Wazungu waliokuja kwa bahari ifanyike Guangzhou peke yake. Mwaka 1793 balozi wa Uingereza, George Macartney, alikwenda na maombi kadhaa, na moja kati yake lilikuwa kupewa kisiwa kidogo karibu na Zhoushan ambako wafanyabiashara wake wangehifadhi bidhaa na kuishi. Qianlong alikataa yote.

Mwambie mwanafunzi aisome orodha hiyo tena na kutafuta mahali ambapo bunduki ya Kiingereza imetajwa. Hataiona. Kwa karibu miaka mia moja ombi lilikuwa la ghala na ngazi ya kupakulia mizigo, na hilo ndilo ninalotaka lionekane kabla ya mizinga kuingia.

Kaa kidogo juu ya Bombay, hata kama saa inakusukuma, kwa sababu hapo ndipo Bagamoyo na Zhoushan zinapogusana kweli. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi ufukwe huu zilivushwa Unguja, na sehemu kubwa yake ilipelekwa Bombay. Katika bandari hiyohiyo kasumba, yaani afyuni, iliyotoka Malwa katikati ya Bara Hindi ilipakiwa kwenda China, kama ile ya Bengal ilivyopakiwa Calcutta. Waingereza walikunywa chai nyingi kuliko bidhaa walizoweza kuwauzia Wachina, na pengo hilo walilijaza kwanza kwa fedha, kisha kwa kasumba. Wenye mitaji wa Bombay walishirikiana na kampuni za Kiingereza. Jamsetjee Jejeebhoy, mfanyabiashara wa Kiparsi, alitajirika kwa biashara ya China akiwa mshirika wa Jardine Matheson. Mkipita baadaye Mtaa wa India, wakumbushe vijana kwamba mikopo iliyoziwezesha safari za misafara kutoka hapa ilitolewa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, akiwemo Sewa Haji, na kwamba milango ile ya mbao iliyonakshiwa ilitazama bahari moja na Dinghai.

Panga miaka kwenye kamba

Funga kamba kati ya minazi miwili, andika kila tukio kwenye kipande cha karatasi na ukibane kwa kibanio cha nguo. Usiandike matukio mengi. Mimi hutumia haya: Juni 1839, Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, anaharibu masanduku zaidi ya 20,000 ya kasumba huko Humen, karibu na Guangzhou. Tarehe 5 Julai 1840, katika vita vya kwanza vya kasumba kati ya Uingereza na China, meli za Uingereza zinaipiga Dinghai kwa mizinga dakika chache tu, na kesho yake askari wanaingia katika mji ambao watu wake wengi wamekwisha kukimbia. Januari 1841, mapatano ya Chuenpi. Februari 1841, Waingereza wanaondoka Zhoushan. Tarehe 1 Oktoba 1841, wanakiteka tena baada ya mapigano makali ambamo majemadari watatu wa China, Ge Yunfei, Zheng Guohong na Wang Xipeng, waliuawa. Tarehe 29 Agosti 1842, Mkataba wa Nanjing. Mwaka 1846, Zhoushan inarudishwa.

Katika nafasi iliyo kati ya Julai 1840 na Januari 1841 usibane karatasi yoyote. Simulia kwa mdomo. Miezi hiyo mamia ya askari wa Uingereza walikufa Dinghai kwa homa na kuhara, wakila vyakula vilivyoharibika na kulala katika mahema mabaya, wengi kupita sana waliouawa vitani. Miongoni mwa waliokuwepo walikuwa Wahindi walioletwa kutoka Bengal na Madras. Kapteni Philip Anstruther wa kikosi cha mizinga cha Madras alitoka nje ya mji mnamo Septemba kupima nchi kwa ajili ya ramani, wanakijiji wakamkamata, akapelekwa Ningbo na kufungiwa ndani ya kizimba. Habari hii huwagusa wanafunzi walioshika kamba ya chubwi asubuhi, nami huwauliza wanakijiji wale walielewa nini walipomwona mgeni mwenye silaha akipima ardhi yao. Wape muda wa kujibu, wala usiwasaidie.

Mkataba wa Nanjing ueleze kwa hesabu. China ililazimishwa kulipa dola za fedha milioni 21, kufungua bandari tano, yaani Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai, na kuitoa Hong Kong. Zhoushan, pamoja na kisiwa kidogo cha Gulangyu kilicho mkabala na Xiamen, vilishikwa kama rehani hadi malipo yakamilike na bandari zifunguliwe. Neno rehani halihitaji maelezo marefu katika mji ambao shamba na dhahabu ya mke vimewahi kuwekwa kwa Mhindi wa dukani ili kupata bidhaa za msafara.

Weka meza na kiti cha nne

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni hii. Tafuta meza moja na viti vinne. Kiti cha kwanza ni cha Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza. Cha pili ni cha Qishan, mjumbe wa mfalme wa China. Cha tatu ni cha mfanyabiashara wa Kiingereza ambaye meli yake imejaa kasumba na imetia nanga Hong Kong. Cha nne ni cha mvuvi wa Dinghai. Mezani pawe na karatasi mbili tu, moja imeandikwa Zhoushan na nyingine Hong Kong. Katika mapatano ya Januari 1841 Elliot alikubali kuirudisha Zhoushan na kupata Hong Kong pamoja na dola milioni sita. Waache wanafunzi wabadilishane karatasi kwa maneno yao wenyewe, ila mvuvi asiruhusiwe kusema neno mpaka wenzake wamalize, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Wakimaliza, waambie yaliyowapata waliokaa mezani. Serikali zote mbili ziliyakataa mapatano. Palmerston, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikasirika kwamba ameletewa kisiwa kikavu kisicho na nyumba za maana badala ya Zhoushan, akamwondoa Elliot kazini. Qishan alivuliwa cheo na kufungwa minyororo. Kisha mpe mvuvi wa Dinghai nafasi yake. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa katika kiti hicho alinyamaza kwa muda, halafu akawauliza wenzake, "Mliporudisha kisiwa, mlimrudishia nani?" Sikuwa nimelifikiria swali hilo kwa miaka yote niliyofundisha.

Hapo hapo, kabla hawajainuka, badilisha majina ya viti. Mwaka ni 1890. Upande mmoja ni Uingereza ya waziri mkuu Salisbury, upande wa pili ni Ujerumani ya kansela Caprivi, na karatasi za mezani zimeandikwa Unguja na Heligoland, kisiwa kidogo cha bahari ya kaskazini huko Ulaya. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai mwaka huo Ujerumani ilikubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba, ikapewa Heligoland, na pwani yetu, ambayo Sultani Khalifa alikuwa ameikodisha kwa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888 kwa miaka 50, ikachukuliwa moja kwa moja kwa malipo ya mark milioni nne kwa Sultani. Kiti cha nne sasa ni cha mchukuzi wa Bagamoyo, ambaye muda mfupi kabla yake alikuwa ameona Abushiri bin Salim akiongoza watu wa pwani kuikataa kampuni hiyo, na akasikia habari za kunyongwa kwake Pangani mnamo Desemba 1889. Sijawahi kulazimika kueleza kinachofanana katika meza hizo mbili.

Usiwaache na jibu la maji

Kuna kosa moja ambalo mwongozo huu wenyewe unaweza kulisababisha, nami naomba lizuiwe. Baada ya kupima maji asubuhi, wanafunzi wengi husema kwamba Zhoushan ilirudishwa kwa sababu haikuwa na kina, kama Bagamoyo ilivyoachwa kwa kukosa kina. Si kweli. Njia za maji kati ya visiwa vya Zhoushan zina kina kikubwa, ingawa mikondo yake ina nguvu na iliwasumbua manahodha wa matanga. Na leo bandari ya Ningbo-Zhoushan hupitisha zaidi ya tani bilioni moja za mizigo kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna bandari nyingine duniani inayokifikia. Mweka hazina wa Hong Kong, Robert Montgomery Martin, alishikilia kwa nguvu kwamba serikali yake imeshika kisiwa kibovu na kuachia kizuri, na mwaka 1845 alijiuzulu.

Kwa hiyo waongoze watafute sababu zilizo nje ya maji. Ya kwanza ni ahadi: mkataba ulisema rehani itarudishwa deni likilipwa, na kuivunja ahadi hiyo kungeipa China haki ya kufunga bandari zilizokwisha kufunguliwa. Ya pili ni mali: wafanyabiashara walianza kununua viwanja Hong Kong tangu mnada wa Juni 1841, na aliyekwisha kujenga ghala hapendi mji uhame. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, ni Shanghai. Bandari hiyo ilipofunguliwa Novemba 1843, hariri na chai ambazo Zhoushan ilitafutwa kwa ajili yake zilipata njia nyingine, tena bila gharama ya kulinda kisiwa kizima. Kisiwa kilipoteza kazi yake mikononi mwa Waingereza hata kabla hawajakirudisha.

Yaliyobaki ni wivu wa mataifa, na hapo ndipo ushindani unapoonekana wazi. Uingereza ilipokuwa ikiondoka ilihakikisha, kwa mapatano ya Aprili 1846, kwamba China haitampa Zhoushan taifa lingine lolote. Ufaransa ilikuwa ikitafuta kisiwa chake katika bahari hizo. Mjumbe wake Lagrené aliitamani Basilan, huko Ufilipino, hadi Hispania ilipopinga. Mwaka 1860, katika vita vya pili vya kasumba, Waingereza na Wafaransa waliikalia Zhoushan pamoja kwa muda. Wajerumani nao waliifikiria, na hatimaye wakachukua ghuba ya Jiaozhou, kaskazini zaidi, ambako kikosi cha Otto von Diederichs kilishuka tarehe 14 Novemba 1897 kwa kisingizio cha wamisionari wawili waliouawa. Mwaka uliofuata waliikodi kwa miaka 99 na kujenga mji wa Qingdao.

Malizia Boma, kisha rudi pwani

Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo inayokupeleka Boma la Wajerumani. Lilijengwa mwaka huohuo wa 1897, na dola iliyoliamuru ndiyo iliyopeleka meli Jiaozhou. Simamisheni ramani ya manila ukutani au mtu aishike, kila mwanafunzi aweke kidole kwenye Bagamoyo na kingine kwenye Jiaozhou, kisha aandike aya moja kujibu maswali haya: nani alitaka mahali hapa, kwa bidhaa gani, alihofia nani angepachukua, na nani hakuulizwa. Majibu yapokee kwa uzito wake hata yakiwa mafupi.

Mara nyingi hapo kijana mmoja atauliza habari za bandari iliyopangwa kujengwa Mbegani, karibu na Bagamoyo, na makubaliano yaliyotiwa saini na Wachina mwaka 2013. Usimkatishe, wala usimjibu kwa ushabiki wa upande wowote. Mwambie ayachukue maswali yaleyale manne ayaulize kuhusu Mbegani, aandike alichokipata, na akilete kipindi kijacho pamoja na mahali alipokipata.

Saa kumi alasiri mrudishe kikundi pale forodhani. Vijiti vya asubuhi vitakuwa vimefunikwa, na majahazi yatakuwa yameinuka. Wapime tena mahali palepale kwa kamba ileile, waandike namba ya pili kando ya ile ya kwanza pembeni mwa ramani, pamoja na saa, kisha ikunjeni na kuihifadhi shuleni, kwa sababu kikundi cha mwaka ujao kitahitaji namba hizo kabla hakijashuka pwani.